Imani ya Moyo Wote na Imani ya Shingo Upande: Habari za Nchi ya Simiyu



Yubilei ni wakati wa kuhesabu. Twahesabu parokia na vigango, twahesabu mapadre, masista na makatekista, twahesabu waliobatizwa na waliofunga ndoa mbele ya altare. Hesabu hizo ni njema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini liko jambo moja ambalo daftari ya ubatizo haiwezi kulionyesha, nalo ndilo kubwa kupita yote: kwamba mtu aliyeandikwa jina lake humo amempa Mungu moyo wake wote, au amempa kipande tu, na kipande kingine amekiweka kwa bwana mwingine.

Wazee wetu husema, njia mbili zilimshinda fisi. Alisikia harufu ya nyama kwenye njia panda, akatia miguu huku na huku, asikubali kuiacha njia yo yote, mwisho akapasuka. Katika Maandiko Matakatifu nabii Eliya aliwaona watu wa Israeli katika hali hiyo juu ya mlima Karmeli: leo kwa Mungu, kesho kwa Baali. Na Wakristu wa Laodikia walikaripiwa katika kitabu cha Ufunuo kwa sababu walikuwa vuguvugu, si baridi wala si moto. Basi uvuguvugu si ugonjwa wa leo, wala si wa nchi yetu peke yake. Lakini kila nchi ina sura yake ya ugonjwa huu. Katika kurasa hizi twataka kutazama sura yake katika nchi ya Simiyu, dawa ambayo wazee wetu wa imani waliitumia, na madhara yanayotupata tukiiacha dawa hiyo.

Nchi na watu wake

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na mji wa Bariadi ukawa makao yake makuu. Lakini nchi yenyewe ni ya zamani. Kabla ya kuondolewa utawala wa watemi mwaka 1963, palikuwa na himaya za Ntuzu, Kanadi, Itilima, Dutwa, Mwagalla na nyinginezo, kila moja na mtemi wake. Ni nchi ya mbuga pana, ya ng'ombe wengi, ya mtama na mahindi, na ya pamba. Mto Simiyu hukusanya maji ya mbuga hizo na kuyapeleka katika Ghuba ya Speke ya ziwa kubwa. Mvua ikija, nchi hujaa. Mvua ikikosa, njaa hubisha hodi mlangoni.

Wasukuma hawakuwa watu wasiomjua Mungu. Walimwita Mulungu, walimwita Seba, walimwita Liwelelo, nao walijua kwamba yeye ndiye asili ya vitu vyote. Walakini katika mambo ya kila siku walishughulika zaidi na masamva, ndio wazimu wa mababu, ambao waliwekewa vibanda na kupewa sadaka ya pombe au ya mnyama. Mtoto akiugua, ng'ombe wakifa, mke asipozaa, mtu alikwenda kwa mfumu ili aambiwe ni nani aliyekasirika, au ni jirani gani aliyeroga. Hata mtemi mwenyewe alikuwa mtu wa ibada: watu walimtazama yeye na waganga wake kwa ajili ya mvua, na ukame ukizidi waliweza kumwondoa katika kiti chake.

Twayaeleza haya bila kuwadharau mababu zetu. Walitafuta msaada kwa njia waliyoijua. Lakini ni lazima tuyajue, kwa kuwa ndiyo njia ya pili ya yule fisi. Mtu wa Simiyu aliyeingia dini kwa shingo upande hakumkana Mungu hata siku moja. Alimwacha Mungu katika mambo ya Jumapili, ya Krismasi na ya mazishi. Na mambo ya ugonjwa, ya uzazi na ya mvua akayarudisha kwa mfumu, tena usiku, ili Padre asijue.

Waliobaki peke yao

Habari za imani katika sehemu hizi za kusini ya ziwa zilianza kwa kukimbia. Mapadre Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao, walifika Buganda mwezi wa Februari 1879. Mwezi wa Novemba 1882, walipoona hatari imewazunguka katika baraza ya Kabaka Mutesa, walipanda mitumbwi, wakavuka ziwa kuja kusini. Mwaka 1883 wakajenga misioni Bukumbi, karibu na Mwanza. Hivyo misioni iliyokuwa mama wa misioni nyingi za Usukuma ilianzishwa na watu waliofukuzwa na hofu.

Je, wale waliowaacha Buganda walifanyaje? Walikuwa wachache, wengine hawajabatizwa bado. Hawakuwa na Misa, wala kitubio, wala padre wa kuwauliza neno. Kwa akili ya kibinadamu tungedhani imani ingezimika kama moto usio na kuni. Lakini Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwakusanya vijana wa nyumba ya Kabaka akawafundisha, na wengine kama Andrea Kaggwa na Matiya Mulumba Kalemba wakafanya vivyo hivyo. Padre Siméon Lourdel na wenzake waliporudi mwezi wa Julai 1885, walikuta wanafunzi wameongezeka, wala hawakupungua.

Kisha ukaja mwaka wa kujaribiwa. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu Mukasa aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Siku ile ile Karoli Lwanga, aliyeshika kazi ya kuwaongoza vijana, alibatizwa. Mwezi wa Mei uliofuata, vijana walipokuwa wakingoja hukumu huko Munyonyo, Lwanga mwenyewe aliwabatiza baadhi yao, na mmoja wao alikuwa Kizito, mdogo kuliko wote. Tarehe 3 Juni 1886 wakachomwa moto Namugongo. Na pamoja nao walikufa ndugu Waanglikana waliokiri Kristu yule yule. Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 kati ya mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Habari hii tumeisikia mara nyingi, hata pengine masikio yetu yameizoea. Lakini tuangalie neno moja. Moto wa Namugongo haukuwapa mashahidi moyo mzima. Uliukuta moyo huo umekwisha kuwa mzima. Ulifanywa mzima katika miaka ile mitatu ya upweke, wakati hapakuwa na mtu wa kuwasifu kwa kusali wala wa kuwakemea kwa kuacha kusali. Mtu wa shingo upande husali padre akiwapo. Wale walisali padre akiwa ng'ambo ya ziwa.

Miaka minne mlangoni

Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika huko Algeria mwaka 1868, alikuwa ameogopa tangu mwanzo jambo moja: kuwabatiza watu upesi, kisha kuwaona wanarudi nyuma. Alikumbuka Kanisa la karne za kwanza, ambalo liliwaweka wakatekumeni muda mrefu mlangoni kabla ya kuwaingiza. Basi akaweka sheria kwamba mtu mzima asibatizwe kabla ya kufundishwa na kujaribiwa miaka minne, isipokuwa katika hatari ya kufa. Miaka miwili ya kwanza mtu alikuwa mwombaji tu, akijifunza habari za Mungu Mmoja na amri zake. Miaka miwili iliyofuata alikuwa mkatekumeni, akijifunza mafumbo ya imani na sala.

Sheria hii ilikuja nayo Usukumani. Fikirini maana yake kwa mkulima wa mbuga zetu. Ilimpasa kuja mafundishoni juma kwa juma, majira ya kulima na majira ya kuvuna. Katika miaka minne yapata mtu kila jambo: mtoto huugua, mvua hukosa mara moja au mbili, mzazi hufa, jirani hugombana naye. Kwa hiyo sheria haikupima kumbukumbu yake peke yake, kama ajua kukariri katekisimu. Ilimngoja mpaka ajaribiwe katika mambo yale yale ambayo zamani yalimpeleka kwa mfumu. Je, mtoto alipoungua kwa homa, alikwenda wapi usiku? Katekista wa kijiji alijua, na majirani walijua.

Wengi walichoka, wakaondoka. Wengine waliona wamisionari ni wagumu, nao waliuliza kwa nini Mungu aliye mwema awe na mlango mzito namna hii. Hatuwezi kusema kwamba waliuliza bure. Mtu mwenye njaa ya neno la Mungu hapendi kungojeshwa. Walakini waliovumilia waliingia wakiwa wanajua wanachokiacha na wanachokipokea. Imani yao ilikuwa imekwisha kupita masika na kiangazi.

Ndugu zetu wa Kiprotestanti nao wana habari zao katika mkoa huu. Misioni ya Nasa, katika wilaya ya Busega ya leo, ilianzishwa na Waanglikana wa Church Missionary Society katika karne ya kumi na tisa, na mwaka 1909 ikakabidhiwa Africa Inland Mission, ambako Emil Sywulka alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kazi mpya. Madhehebu ni mbalimbali, lakini mashindano yaliyowakabili watu wao yalikuwa yale yale: kibanda cha masamva nyuma ya nyumba, na kitabu cha sala ndani ya nyumba.

Mganga aliyekaa Karema

Kama twatafuta mtu mmoja wa nchi hii awe mfano wa moyo wote, namwona Adriano Atiman. Alizaliwa katika nchi ya mto Niger, karibu na Timbuktu. Alipokuwa mtoto alinyakuliwa, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara, hata Mapadre Weupe wakamkomboa huko Algeria. Wakamsomesha, kisha wakampeleka Malta kujifunza kazi ya uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya ziwa Tanganyika, akawa katekista na mganga wa misioni. Alikaa hapo mpaka alipokufa mwaka 1956, yaani miaka 67. Alioa, na mwanawe Yosefu akawa padre.

Katika maisha ya Atiman hakuna moto wa Namugongo. Kuna vidonda, homa, wazazi wanaojifungua kwa shida, na wagonjwa wanaoletwa kwa machela kutoka mbali. Kwa nini basi twamleta katika habari za Simiyu? Kwa sababu alisimama mahali pale pale ambapo moyo wa Mkristu wetu hupasuka: kando ya kitanda cha mgonjwa. Hapo ndipo mtu huulizwa anamtumaini nani. Atiman hakujibu kwa hotuba tu kwamba kupiga ramli ni dhambi. Alileta dawa, akaosha kidonda, akakesha, akasali. Mwenye mgonjwa aliona kwa macho yake kwamba Mungu wa Wakristu hawaachi watu wake katika ugonjwa. Tukimkataza mtu kwenda kwa mpiga ramli, nasi hatumpi msaada wala hatumtembelei, tumemwekea mzigo tusiougusa kwa kidole.

Vikariati ya Maswa na jimbo la Shinyanga

Mwaka 1946 nchi za Musoma na Maswa zilitengwa kuwa eneo moja la misioni, na mwaka huo mapadre wa kwanza wa Maryknoll kutoka Marekani walifika Musoma. Mwaka 1950 Maswa ikawa vikariati ya peke yake. Bariadi wakati ule ilikuwa sehemu ya wilaya ya Maswa, hivyo ikawa ndani ya vikariati hiyo. Mwaka 1953 vikariati ikafanywa jimbo, na mwaka 1956 jimbo likapewa jina la Shinyanga. Mwaka huo Edward McGurkin wa shirika la Maryknoll akawa askofu wake. Mwaka 1975 Castor Sekwa alipokea kiti hicho, akakikalia mpaka alipofariki mwaka 1996. Baada yake Aloysius Balina, tangu 1997 mpaka kifo chake mwaka 2012. Na mwaka 2015 akawekwa Liberatus Sangu.

Katika miaka hiyo swali la moyo wote lilipata sura nyingine. Wengine walidhani kwamba kuwa Mkristu kamili ni kuacha kuwa Msukuma: kuacha ngoma, kuacha mafumbo ya wazee, hata kuona haya kwa jina la ukoo. Dhana hiyo ilileta hasara, kwa kuwa mtu aliyelazimishwa kuiacha ngoma nje ya mlango wa kanisa aliifuata huko nje, na masamva yakamkuta huko. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliliona jambo hili. Katika misioni ya Bujora, karibu na Mwanza, kanisa lilijengwa kwa mfano wa nyumba ya mtemi, na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambayo Wasukuma huiita Bulabo, yaani maua, ikafuatwa na mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu. Mwaka 1968 makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa hapo.

Basi tusichanganye mambo. Ngoma si adui wa moyo wote. Lugha ya mama, heshima kwa wazee, ukarimu kwa mgeni, kulima kwa pamoja huku watu wakiimba, hivyo vyote vyaweza kuwekwa juu ya altare. Hata mitishamba ya mzee ajuaye mizizi iponyayo tumbo si dhambi. Dhambi ipo pale ambapo mtu huacha kumtumaini Mungu, akakubali kuambiwa kwamba jirani yake ndiye kifo chake.

Matunda ya imani ya nusu

Hapa yatupasa kusema neno la kuhuzunisha, kwa sababu kitabu cha Yubilei kikisema mazuri tu kitakuwa chenyewe ni kazi ya shingo upande.

Tangu mwaka 1970 mpaka mwaka 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa katika Tanzania Bara kwa kushtakiwa uchawi, na sehemu kubwa kati yao waliuawa katika nchi ya Wasukuma. Wengi walikuwa wanawake wazee. Alama iliyotajwa mara nyingi ilikuwa macho mekundu. Nayo macho hayo yaliwiva kwa moshi wa kuni, mabua na samadi, kwa sababu mama yule alikuwa amepika katika nyumba isiyo na dirisha tangu ujana wake, akiwalisha watoto wake na wajukuu wake. Baadaye, hasa tangu miaka ya 2007 na 2008, ikaja aibu nyingine: kuwinda watu wenye ualbino kwa ajili ya viungo vyao, kwa kuwa wapiga ramli waliwaambia wateja kwamba vitawaletea utajiri. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kufa watu watatu kwa kumwua kijana mwenye ualbino. Na kituo cha Buhangija mjini Shinyanga kilipokea watoto wengi waliotolewa majumbani mwao ili wapone.

Hatusemi kwamba waliotenda hayo wote walikuwa Wakristu; la hasha. Wala hatusemi kwamba kila aendaye kwa mpiga ramli ni mwuaji. Lakini tulitazame jambo hili kwa haki. Mpiga ramli hawezi kumtaja mzee awaye yote kama hapana aliyekuja kumwuliza. Anayekuja ni mtu wa kawaida, mwenye mtoto mgonjwa au ng'ombe waliokufa. Huenda ana jina la mtakatifu, ana cheti cha ubatizo, na Jumapili iliyopita aliimba kanisani. Alitaka kujua tu, asema. Kisha ametajiwa jina, naye hawezi tena kulisahau. Chuki imeingia nyumbani. Na baada ya chuki, panga.

Ndiyo maana imani ya nusu si jambo la mtu na nafsi yake peke yake, kana kwamba hasara ni yake mwenyewe siku ya hukumu. Nusu ile aliyomnyima Mungu yaweza kulipwa na bibi wa jirani kwa uhai wake.

Yubilei yatudai nini

Sheria ya miaka minne haishikwi tena kila mahali kama zamani, na wengi wetu tulibatizwa tukiwa wachanga, hatukungoja mlangoni hata siku moja. Hatulalamiki kwa hilo. Ni neema kuzaliwa katika nyumba ya Wakristu. Lakini neema hiyo ina hatari yake: mtu aliyeingia akiwa amebebwa mgongoni mwa mama yake hakuulizwa bado anaacha nini. Lazima ajiulize mwenyewe akiwa mtu mzima.

Kwanza, wazazi na wasimamizi wa ubatizo wawaambie vijana wazi habari ya njia mbili, wasiifiche kwa aibu. Kijana asiyeambiwa na baba yake ataambiwa na mpiga ramli.

Pili, jumuiya ndogondogo za Kikristu zisimwache mgonjwa peke yake. Homa ikiingia katika nyumba, jumuiya ifike kabla ya usiku: mmoja amsaidie kwenda zahanati, mmoja achote maji, wote wasali. Hiyo ndiyo kazi ya Atiman, nayo haihitaji kusoma Malta.

Tatu, kila kigango kijue wajane na wazee wake kwa majina, na mama mzee mwenye macho mekundu aketi mbele kanisani, watoto wamsalimu kwa heshima, ili watu wote waone kwamba yu chini ya ulinzi wa Kanisa zima.

Wapendwa, hatuitwi leo kuchomwa moto Namugongo. Pengine tutaitwa usiku mmoja, mtoto akilia kwa homa na jirani akinong'ona dirishani kwamba yuko mtu ng'ambo ya mto ajuaye kutazama. Padre hatakuwapo, katekista atakuwa amelala. Usiku huo Mungu na atukute kama alivyowakuta vijana wa Buganda waliobaki peke yao, wakisali.

Yesu Kristu atukuzwe, sasa na milele. Amina.